Kamishna Aliyegeuka Kitenzi

Nchi hii msiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walifika mpakani wakaambiwa wasubiri muhuri, na mpaka leo wamekaa kwenye benchi wanausubiri. Lakini ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa mrefu kiasi kwamba wazee huukalia chini, na ina sheria moja ambayo wananchi wake wanaionea fahari kuliko zote: mtoto akishamaliza shule ya msingi, kila kitu atafundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu aliyefundishwa Kiingereza na mwalimu ambaye aliwahi kumsikia Mwingereza akiuliza njia.

Katika nchi hiyo alikuwepo bwana mmoja, Hilari Bungala, Kamishna wa Lugha Safi katika Wizara ya Ulimi. Mtu wa tumbo la heshima, suti na kizibao ndani yake hata mwezi wa jua kali, na sauti iliyokuwa ikimtangulia mlangoni. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kinyaa. Siyo kinyaa cha mfereji wa maji machafu uliopasuka nyuma ya wizara. Huo alikuwa anauruka kila asubuhi bila kuutazama, na nzi wake walishamzoea. Kinyaa chake kilikuwa cha masikio.

Akisikia mwanafunzi anamwambia mwenzake, "Oya mwanangu, mchongo wa leo noma," anakunja uso kama mtu aliyekuta unywele ndani ya uji. Na Kiingereza chao ndiyo kabisa. Mtoto ana njaa, anakwambia "ai em hiaring hanga." Amelowa, "ze reini haz reined mi." Anakwenda zake, anakuaga "ai em kaming," na huku mgongo huo unaishia. Kamishna alikuwa akikutana na sentensi kama hizo njiani anashika ukuta, anatema mate, anafuta midomo, kisha ndiyo anaendelea na safari.

Ila kinyaa nacho kina bahati yake. Waziri wa Ulimi alikuwa amepoteza kiti kwa sababu ya neno "infrastrakcha." Alilianza asubuhi mbele ya wageni wa nje, mchana ukamkuta bado yuko katikati, jioni wageni wakafunga mikoba yao na msaada wao. Kiti kikabaki kitupu. Mtukufu Rais akatangaza kwenye redio kwamba atakayesafisha midomo ya wanafunzi kabla ya Siku ya Taifa, uwaziri ni wake.

"Bi Sikujua," Kamishna akamwambia katibu muhtasi wake, "kile kiti ni changu."

"Amina," akasema Bi Sikujua, bila kuinua macho kwenye ungo. Alikuwa akichambua mchele ofisini tangu taipureta yake iharibike, na alikuwa hajaona sababu ya kuacha. "Ila yule Luhende naye nilimwona juzi anakipima kwa macho."

Kamishna akacheka mpaka kizibao kikatikisika. Luhende alikuwa Naibu wake, mtu mwembamba ambaye katika vikao vyote hakuna aliyewahi kumsikia akisema zaidi ya "naunga mkono." Ukimtazama huwezi kujua anafikiri au amelala.

"Luhende ana nini cha kusema yule?"

"Hana," akasema Bi Sikujua. "Ndiyo maana hajawahi kukosea."

*

Kazi ilianzia Sekondari ya Uhuru Mtamu. Mkuu wa shule, Madamu Perusi, alimpokea Kamishna getini na kwaya, shada la maua ya karatasi, na sentensi aliyoifanyia mazoezi wiki nzima.

"Yu ar welkamu sana, Onarabo. Wi hav hevi hapinesi, and wi hav slota fo yu wani goti."

Kamishna akatabasamu kwa raha. Muujiza wa masikio yake ulikuwa huo: Kiingereza kikimwita Onarabo na kikaja na mbuzi, hakikumpa kinyaa hata kidogo.

Darasani akamsimamisha kijana mmoja mrefu, akamuuliza lengo lake maishani. "Wot iz yo eim in laifu?"

"Mai eim iz to finish, sa."

"To finish wot?"

Kijana akatazama dari iliyotoboka, akatazama dawati lenye miguu mitatu, akamtazama mwalimu wa Kiingereza ambaye alikuwa amejificha nyuma ya mlango.

"To finish only, sa."

Kamishna akashika kifua. Ikabidi aletewe maji. Na alipopata nguvu, akaamuru shule nzima ikusanyike uwanjani ili wasikie, angalau mara moja katika maisha yao, Kiingereza kinavyotakiwa kuwa.

"Ledis and jentolmeni," akaanza, "and stjudents of ol jendas. Wizi dyu rigadi to ze afosedi, and notiwizistanding ze natiwizistanding, ai wishi to andaskoa, to emfasaizi, and in pointi of faktu to rieitareiti, ze importansi of ze importansi."

Akaenda hivyo mpaka kivuli cha mlingoti kikahama upande. Hakuna aliyeelewa, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, lakini maneno yalimteleza kooni kama mlenda, akawa kila akimaliza sentensi anaionea huruma kuiacha anairudia. Wanafunzi wakaanza kuzimia kwa jua. Madamu Perusi, mtu wa nidhamu, akapita nyuma akiwaambia wazimie kwa mstari.

Huko nyuma, msichana mmoja mlinda mlango wa timu ya shule akamnong'oneza mwenzake: "Mwanangu, huyu mzee anabungala."

Mwenzake hakuwa amewahi kusikia neno hilo, wala halikuwepo kabla ya pale. Lakini alielewa papo hapo, akauma kola ya shati ili asicheke. Neno zuri linazaliwa hivyo, bila mkunga.

*

Wiki iliyofuata ikazinduliwa Operesheni Sabuni. Kila jioni, baada ya taarifa ya habari na kabla ya matangazo ya vifo, redio ya taifa ilisoma maneno yaliyopigwa marufuku mashuleni. Wakaanza na noma, mchongo, kuzingua, oya na mwanangu. Mwanafunzi atakayekamatwa na neno la namna hiyo anasukutua kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, mpaka povu litoke jeupe.

Hela ya chaki ikahamishiwa kwenye sabuni. Walimu wa Kiingereza, ambao hata hivyo walikuwa hawana vitabu, wakapewa ndoo. Somo lenyewe la Kiingereza likasimamishwa kwa muda ili Kiingereza kipate nafasi ya kukua.

Watoto nao hawakugoma. Wanafunzi wa nchi ile walikuwa watiifu sana. Waliacha maneno yote yaliyokatazwa, na kwa kuwa binadamu hawezi kukaa mtupu, wakaokota maneno mengine yaliyokuwa yametapakaa hewani bila mwenyewe: ya serikali. Kunguni wa bwenini wakaitwa wadau. Maharage yenye wadudu yakaitwa kamati. Kwenda chooni ikawa kufanya tathmini. Mwalimu wa zamu akaitwa changamoto, na mpenzi wa siri akaitwa mchakato.

Kamishna alilijua hilo siku redio iliposema: "Serikali imekutana na wadau, ambapo baada ya kula chakula cha mchana na kamati, ilifanya tathmini ya kina." Kutoka shule ya jirani na wizara ikasikika kelele kama paa limeng'oka.

"Wanacheka nini?" akamuuliza Luhende.

"Wanacheka taarifa ya habari, Mheshimiwa."

"Taarifa ya habari ina nini cha kuchekesha?"

Luhende akafikiri. "Miaka yote nilikuwa nadhani haina."

Alipoelezwa maana zenyewe, Kamishna akakimbilia dirishani akatapika nje, ndani ya mfereji. Wadau. Neno alilokuwa akilitamka kila siku kwa mdomo wake huu, kumbe lilikuwa linatambaa kwenye magodoro. Jioni ile ile wadau, kamati, tathmini, changamoto na mchakato yakapigwa marufuku nchi nzima, kwa mkubwa na mdogo.

Serikali ikanyamaza. Makatibu wakuu walifungua vikao, wakafungua na midomo, wakakuta haina kitu, wakafunga vyote viwili. Mkuu wa mkoa mmoja alisimama jukwaani akawapungia wananchi mkono mpaka ukafa ganzi, akashuka. Na ule mfereji nyuma ya wizara ukazibwa wiki ile ile, kwa bahati mbaya tu, kwa sababu fundi alifika na hapakuwa na neno la kumwahirishia.

Mtukufu Rais akapiga simu mwenyewe. "Nchi imetulia, Kamishna. Wageni wamesema hawajawahi kuona utulivu kama huu. Endelea hivyo hivyo."

"Umesikia?" Kamishna akamwambia Bi Sikujua. "Kiti kimeshaanza kupata joto langu."

"Nasikia," akasema Bi Sikujua, akipuliza makapi. "Kalia taratibu tu, bosi. Bado ni cha moto."

*

Ndipo zikaja insha za mtihani wa majaribio. Luhende aliziingiza ofisini amezikumbatia kama kuni, akachomoa moja, akaiweka mezani.

Kamishna akavaa miwani, akaziba pua kabisa, akaanza kusoma. Mwanafunzi alikuwa ameandika: "Our hedimistresi kan bungala veri nais. Yestadei zea keim a paliamenti man, he bungalad as from moning. Mai anko iz a pasta, he iz bungaling eva Sandei. Ifu Godi wishes, ai wil go univasiti, and ai wil bungala olso."

Akasoma tena. Akaiachia pua.

"Luhende. Hii ni nini?"

"Kitenzi, Mheshimiwa."

"Kitenzi changu?"

"Kimetoka kwako, ndiyo."

"Kina maana gani?"

"Kuongea Kiingereza," akasema, "cha kiwango chako."

Na hapo, jamani, Naibu hakusema uongo.

Kamishna akakaa. Machozi yakamtoka, yakapita kwenye mashavu, yakaingia kwenye kizibao. Baba yake alikuwa mchoma mkaa, babu yake hakuna aliyejua alikuwa nani, na leo hii yeye ni kitenzi. Akajinyambulisha polepole, kama mtu anayeonja asali. Nabungala. Tunabungaliana. Amewabungalisha. Alipofika "watabungaliwa" akavua miwani akaifuta.

"Wengine wanaacha barabara," akasema. "Wengine wanaacha daraja na jiwe lao la msingi. Mimi, Luhende, nimeacha kitenzi."

"Naunga mkono," akasema Luhende.

Asubuhi yake kazi ikaanza. Vibao vikapakwa rangi na kupigiliwa kwenye kila geti la shule: HAPA TUNABUNGALA. Kamishna akaingia redioni akawahimiza wazazi wabungale na watoto wao mezani, wachungaji wabungale madhabahuni, na waheshimiwa wabunge waendelee kubungala kama walivyozoea. Nchi nzima ikamwitikia kwa furaha ambayo hakuna kiongozi aliyewahi kuiona. Alikopita watu walishika mbavu, wengine walilala chini. Mama mmoja muuza vitumbua alimshika mkono hakutaka kumwachia, akawa anasema tu, "Baba, Mungu akuweke, umetutoa mbali."

Bi Sikujua peke yake ndiye aliyekuwa hacheki. Alimtazama bosi wake akitoka na kuingia, mara akafungua mdomo, mara akaurudia mchele.

"Sema, Bi Sikujua. Una nini?"

"Mi sina kitu, bosi. Kamuulize Velida."

*

Velida alikuwa binti yake, kidato cha tatu, mtoto mwenye macho ya mama yake na ulimi ambao hakuna aliyekubali kuwa umetoka kwake. Usiku ule walikuwa wanakula ugali na dagaa.

"Velida mwanangu," baba akaanza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusifiwa bila kuonekana anataka. "Huko shuleni kwenu, mnabungala?"

Tonge la Velida likasimama hewani. "Baba. Hilo neno nani kakwambia?"

"Nani kaniambia? Nimelizaa mimi."

"Ndiyo, hilo tunajua."

"Basi nieleze, wewe unalielewaje. Kwa maneno yako."

Velida akamtazama mama yake. Mama Velida akainuka kwenda jikoni kuchukua chumvi, ambayo ilikuwa mezani.

"Hutanichapa?"

"Nikuchape kwa jina langu mwenyewe?"

"Haya baba. Mtu akila maharage mengi, si tumbo linajaa?"

"Linajaa."

"Linajaa, linanguruma, yeye mwenyewe anaona kama ana kitu kikubwa ndani. Halafu unatoka upepo."

"Velida, tunakula."

"Umeniambia nieleze. Sasa ule upepo ukipotea njia, badala ya kutokea chini ukatokea juu, tena ukafunga na tai. Hapo ndiyo mtu amebungala."

Huko jikoni kulisikika sufuria likianguka, na Mama Velida hakutoka.

"Na watu wanajua maana hiyo?" baba akauliza.

"Watu gani?"

"Watu. Kwa ujumla."

"Hata mpishi wetu anajua. Juzi alisema uji umebungala. Umepanda juu, povu mpaka kwenye mfuniko, kuchota chini hamna kitu."

"Mama wa vitumbua?"

"Baba, yule si ndiyo ana kibanda kipya. Amekiita Bungala Hoteli. Kila kitu ni hewa, ameandika mwenyewe mlangoni, ila vitumbua ni vya kweli."

Kamishna akasukuma sahani. Kinyaa kikampanda, lakini safari hii hakikuja na njia ya masikio. Kilitoka ndani, kutoka mahali ambapo mtu anahifadhi jina lake. Alijaribu kulitamka polepole, kimoyomoyo, akasikia harufu.

*

Vibao vilishushwa kabla jua halijawaka vizuri. Na sheria aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu hakumwamini mtu. Neno lile, pamoja na mnyambuliko wake wote, limepigwa marufuku. Asilitamke mtu yeyote, wa cheo chochote, mahali popote, kwa sababu yoyote. Hakuacha tundu hata la sindano, kwa maana aliwajua wananchi wenzake kwamba kwenye tundu ndiko wanakoishi. Mtukufu Rais akaweka saini siku hiyo hiyo, akapeleka askari kila pembe, mmoja na ndoo, mwingine na mche wa sabuni.

Ikafanya kazi. Ilifanya kazi kuliko sheria zote za nchi ile. Madamu Perusi akiita majina asubuhi, akifika kwa Velida anakohoa, na Velida anaitika, "Preznti." Baadaye mtoto akachukua jina la ukoo wa bibi yake mzaa mama, maisha yakaendelea. Kibao cha mlango wa Kamishna kikang'olewa, yakabaki matundu ya misumari. Bi Sikujua akawa anapokea simu hivi:

"Haloo, ofisi ya Kamishna. Kamishna nani? Hapana ndugu yangu, jina hatuna. Lilikuwepo."

Siku moja akaweka ungo pembeni kabisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata moto ulipowaka stoo.

"Bosi, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Hiyo sheria umeifunga vizuri sana. Sasa wewe umebaki upande gani?"

"Upande wa sheria."

"Aa. Mi nilidhani umebaki kwa ndani."

Kamishna akamwambia achambue mchele. Hakuwa na muda wa maneno ya wanawake wa ungo, maana simu ya Ikulu ilikuwa imelia asubuhi ile, na sauti aliyoisubiri mwaka mzima ilikuwa imesema: "Kamishna, umeshinda. Midomo ni misafi. Siku ya Taifa nakutangaza mbele ya wageni. Shona suti."

Akashona suti. Akashona na kizibao kipya cha kuvaa ndani yake.

*

Siku ya Taifa uwanja ulijaa. Wanafunzi walipangwa upande wa jua, midomo inang'aa kwa sabuni. Wageni wa nje walipangwa upande wa kivuli. Kamishna alikaa safu ya mbele, Bi Sikujua nyuma yake, na kiti cha uwaziri kilikuwa jukwaani, chekundu, kimefunikwa nailoni bado.

Mtukufu Rais akasimama, akafungua karatasi.

"Bai ze pawaz vestedi in mi, ai hiyabai apointi to be ze Minista of ze Tangi, Mista..."

Hapo macho yake yakalifikia jina. Mshauri wa sheria alikuwa ameshasogea sikioni. Mnong'ono wao uliingia kwenye kipaza sauti, uwanja mzima ukausikia: "Wa cheo chochote, Mtukufu. Mahali popote. Saini ni yako." Na pembeni ya jukwaa alisimama askari na ndoo yake, kijana mwaminifu wa kutisha, ameshaanza kulowanisha sabuni.

Mtukufu Rais akaikunja karatasi. "Mista," akarudia, kwa uzito, akaacha hapo, akaanza kupiga makofi.

Uwanja ukapiga makofi. Katikati ya makofi hayo, Luhende akainuka. Hakuharakisha. Alifunga kifungo cha koti, akapanda ngazi, akainamisha kichwa mbele ya Rais, akapewa kitabu cha kiapo.

Kamishna akaruka kutoka kwenye kiti chake. Mkuu wa itifaki akamwekea kiganja kifuani.

"Mzee, kaa. Kuna shughuli ya taifa."

"Aliyeteuliwa ni mimi."

"Ameteuliwa Mista."

"Huyo Mista ndiyo mimi."

"Mista nani?"

Kamishna akafungua mdomo. Askari wa ndoo akageuza shingo. Kamishna akafunga mdomo.

"Mista yule," akasema.

"Basi tulia, mzee wangu. Yule si huyo hapo anaapa?"

Na kweli alikuwa anaapa. Nailoni ikavuliwa, kiti kikakaliwa, kikatoa mlio mdogo kama kinachopumua. Kisha Waziri mpya akaisogelea maikrofoni. Miaka yote alikuwa anaunga mkono tu. Kumbe alikuwa anaweka akiba.

"Yo Ekselensi," akasema Luhende, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo. "Yo Ekselensis in ze plurali. Wizi ze gretesti of ze gretinesi, and in ze laiti of ze laiti zat enlaitensi as, alau mi to begin ze bigining of mai begining."

Akaenda. Jua likapanda. Aliizungusha sentensi, akairudisha ilikotoka, akaibeba tena. Upande wa kivuli wageni walikuwa wanaandika. Upande wa jua safu ya kwanza ya wanafunzi ilikuwa imeanza kuzimia, kwa mstari.

Kamishna akasikiliza. Alisikiliza kama hajawahi kusikiliza kitu maishani, na kwa mara ya kwanza kinyaa kilimjia kikiwa halali. Ukelele huu mtupu, uliovaa tai, uliokalia kiti chake. Akatafuta neno la kuuita. Kubwabwaja? Hapana, hilo la watoto wachanga. Kupayuka ni la walevi, na mlevi angalau ana jambo linalomuuma. Akapekua Kiswahili chote alichozaliwa nacho, akapekua na kile Kiingereza alichokifia, hakuna neno lililokaa sawa kwenye mdomo wa yule mtu. Hakuna isipokuwa moja, ambalo watoto walikuwa wamelikata kwa kipimo na kulishona vizuri, lisibane wala lisipwaye.

Akageuka nyuma. "Bi Sikujua," akanong'ona, "huyu bwana anabungala."

Bi Sikujua akaziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili. Safu tatu nyuma pumzi zikakatika. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa amezimia akafungua macho.

Mkono ukamgusa Kamishna begani, bila fujo. Ndoo ikatuliwa karibu na kiatu chake kipya, povu likamwagikia kamba. Askari wa pili akapiga saluti kidogo, kwa ajili ya suti, akatoa kalamu mfukoni.

"Pole mzee. Neno umelitamka, na mashahidi wapo," akasema, akitafuta ukurasa mweupe. "Tuanze na jina lako."